Marvel au DC? Tupime kalenda, si misuli

Ndugu Mhariri,

Mabishano ya wasomaji wenu kuhusu Marvel na DC, kampuni mbili za Marekani za katuni za mashujaa, yamekwama pale pale pa siku zote: Superman wa DC akivaana na Hulk wa Marvel, nani atalala chini? Maswali ya aina hiyo yalishapigiwa kura. Mwaka 1996 kampuni hizo mbili zilitoa kwa pamoja hadithi ya matoleo manne, na mapambano matano makubwa wakaachiwa wasomaji waamue. Superman alimpiga Hulk, sawa. Lakini Wolverine wa Marvel naye akamshinda Lobo wa DC, jitu linaloweza kutwangana na Superman mwenyewe. Hapo zilihesabiwa kura za umaarufu tu, kwa hiyo misuli tuiweke kando.

Kinachogawa ladha zetu ni namna kila kampuni inavyotunza kalenda yake, yaani mfuatano wa miaka na matukio ya hadithi zake. DC ikilemewa na historia, huifumua na kuanza upya. Kati ya 1985 na 1986, katika matoleo 12 ya Crisis on Infinite Earths, ilizikunja dunia zake nyingi sambamba zikawa moja. Septemba 2011 ikarudia: mifululizo 52, yote ikianzia namba 1. Msomaji mgeni alifunguliwa mlango, ila kazi ilifanywa nusunusu. Mashujaa walitajwa kuwa wamejitokeza hadharani kwa miaka kama 5 tu, huku Batman akiachiwa karibu historia yake yote. Robin, msaidizi wa Batman, wa kwanza alitokea mwaka 1940. Sasa Robin wanne waliopokezana, Dick, Jason, Tim na Damian, wakasongamana ndani ya nafasi hiyo finyu, na Damian ni mtoto wa Batman wa kumzaa, mwenye miaka 10. Piga hesabu mwenyewe.

Marvel kwa kawaida haifumui, inasogeza. Mwaka 1963 Tony Stark, yaani Iron Man, alijeruhiwa Vietnam, vipande vya chuma vikamkaa karibu na moyo. Vita ile ilipozeeka kuliko yeye, jeraha lile lile likahamishiwa Afghanistan, na mengine yakaachwa yalivyo. Mimi huvutwa na upande huu, kwa sababu tukio likishatokea lina uzito: kifo cha 1973 cha Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker ambaye ndiye Spider-Man, bado kinamwelemea Peter. Tatizo ni kwamba kiraka kikiwekwa vibaya, kila mtu anakiona. Mwaka 2007 ndoa ya Peter na Mary Jane ilifutwa kwa mapatano na Mephisto, shetani kabisa, na wapo washabiki ambao hawajasamehe hadi leo. Nawaelewa.

Anayeanza kusoma asiziamini namba za jaladani. Mfululizo mkuu wa Spider-Man una namba 1 ya 1963, ya 1999, ya 2014, ya 2015, ya 2018, ya 2022 na ya 2025, na katikati uliwahi kurudia hesabu ya zamani ulipofika 500. DC nayo iliirudisha Action Comics kwenye namba 957 mwaka 2016, baada ya miaka mitano ya hesabu mpya. Kwa hiyo tafuta yale maandishi madogo yenye mwaka wa mfululizo. Ukichukua kitabu kilichokusanya matoleo kadhaa, tazama orodha ya matoleo yaliyomo, usiishie kwenye neno "juzuu ya kwanza". Hadithi ikiwa imevuka mifululizo miwili au mitatu, mara nyingi sehemu moja huachwa kwenye kitabu kingine, ukashangaa mtu aliyekuwa hospitalini ukurasa huu anaruka juu ya magorofa ukurasa unaofuata.

Na wanaojiita Marvel damu au DC damu wajue kwamba wachoraji wenyewe hawakukaa upande mmoja. Jack Kirby, aliyeijenga Marvel ya miaka ya 60 pamoja na Stan Lee, alihamia DC mwaka 1970 na kumbuni Darkseid, mmoja wa maadui wakubwa wa mashujaa wa DC. Kurasa zake za Marvel unaweza kuzifuata bila kusoma neno, kwa kuwa mwandishi alimpa muhtasari tu, yeye akapanga picha, na maneno yakaandikwa mwisho. Ndiyo maana mara nyingine maneno hayo yanarudia kile ambacho jicho limeshakiona.

Anayetaka kuonja pande zote mbili kwa mkono ule ule, kuna kazi za mwandishi Frank Miller na mchoraji David Mazzucchelli: Daredevil namba 227 hadi 233, Marvel, 1986, kisha Batman namba 404 hadi 407, DC, 1987. Aanze na Daredevil. Kufikia Batman, Mazzucchelli amepunguza sana mistari na kuacha kivuli kifanye kazi, na mabadiliko hayo hayaonekani vizuri ukisoma kinyumenyume.

Wenu,
Msomaji wa katuni