Miche ya njano kitaluni haina njaa ya urea

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda msibani, nikaacha kitalu changu cha kabichi hapa Lushoto kimefunikwa nyasi. Kijana niliyemwachia alimwagilia kila jioni, ila kufunua akasahau. Siku ya nane narudi, nainua nyasi, nakuta miche ya njano, mashina marefu membamba kama uzi, vichwa vimeinama.

Nilipeleka mche mmoja duka la pembejeo. Muuzaji hakuuangalia mara mbili: "Njaa hiyo mama, weka urea." Iliniuma, maana najua wangapi hununua mfuko kwa neno hilo.

Mche wenye njaa ya nitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya urea, hudumaa, na njano huanzia majani ya chini, yale ya zamani. Wangu ulikuwa umerefuka. Ulikuwa unatafuta mwanga, akiba yote ya mbegu umeitia kwenye shina.

Tena humo gizani haukai bure. Hutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, mpaka ikabaki hatua moja tu. Kitu hicho, protoklorofilidi, hukaa kimeshikwa na kimeng'enya (kichocheo cha mmea) kisichofanya kazi mpaka kipigwe na mwanga. (Miti ya misindano huweza kuimaliza hatua hiyo gizani, kabichi, maharage na mahindi haviwezi.) Mwanga ukifika, hatua ile hukamilika chini ya sekunde moja. Kinachochukua saa nyingi ni kupanga tando ambamo usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, utafanyika, na kuongeza klorofili nyingine.

Nilifunua jioni, nikaweka kivuli cha majani ya mgomba. Msiache kivuli hicho, jamani: jua kali la ghafla huikuta rangi bado haijatulia mahali pake, na majani huungua. Kesho yake saa nne asubuhi nilipiga magoti kitaluni. Yale majani mawili ya kwanza yalikuwa yameanza kuchukua ukijani hafifu, kama wa ganda la ndimu inayoiva. Siku ya tatu kitalu kizima kilikuwa kijani, vichwa vimenyooka. Michache ilianguka, kwani shina likisharefuka halirudi. Iliyobaki niliipalilia udongo.

Naomba ukurasa wenu wa kilimo uchapishe picha za miche hiyo miwili, wa njaa na wa giza, ubavu kwa ubavu, mkulima akate mwenyewe shauri kabla ya kwenda dukani. Walimu wenzangu nao, makopo mawili ya maharage na kabati moja vinatosha kuwaonyesha wanafunzi ndani ya wiki mbili.

Mwalimu wa Biolojia na mkulima,
Lushoto, Tanga