Bandari ya uvuvi Kilwa Masoko isiwasahau marubani wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu bandari ya uvuvi inayojengwa Kilwa Masoko mwaka huu wa 2024. Nimesoma mengi juu yake tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi Septemba 2023. Nimesoma habari za gati, za barafu, za maghala ya baridi, na za meli za bahari kuu zitakazoshusha samaki hapa kwetu badala ya kutupita na shehena yake. Nafurahi kama Mtanzania yeyote. Ila kuna jambo moja sijaliona likiandikwa: mgeni anayeingia pale na chombo kidogo, nani atamwonyesha njia, yaani nani atakuwa rubani wake wa baharini?

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi na dema, nami kazi yangu ya kwanza baharini ilikuwa kufua maji katika ngalawa yake. Kwa miaka 11 sasa naendesha yoti za watu, kutoka Tanga kwenda Pemba, Unguja, Mafia, na kusini mpaka Mikindani. Kwa hiyo ninapoandika habari za nyavu na habari za yoti, pande zote mbili ni zangu.

Tarehe 11 Februari mwaka huu wa 2024 tulikuwa watatu chomboni: mimi, mzee mmoja wa Kiholanzi mwenye yoti, na mkewe. Kaskazi ilitusukuma vizuri kutoka Unguja hadi Mafia, na kutoka Mafia hadi Songo Songo. Pale Songo Songo tukachelewa. Mwenye chombo alitaka kupiga picha, mama alitaka kununua pweza, na mimi nikanyamaza wakati kazi yangu ilikuwa kusema. Tuling'oa nanga saa saba mchana. Kutoka pale hadi mlango wa Kilwa si mbali, lakini jioni upepo ulikufa, tukawasha injini, na tulipoziona taa za Masoko ilikuwa saa nne usiku. Mwezi mchanga ulikwisha zama. Ilikuwa bamvua, na maji yamekupwa kabisa.

Kila nahodha anajua kwamba bandari asiyoizoea haiingii usiku. Nalijua hilo na nimewafundisha vijana wengi. Lakini ramani ilikuwa wazi mbele yangu, kipima kina kinaonyesha maji tele, na bandari ya Kilwa ni pana na ina kina kizuri; ndiyo maana masultani walikaa pale. Wale wazee wawili walikuwa wamechoka, wanataka kulala mahali pasipo mawimbi. Nikasema tuingie polepole. Kosa hilo ni langu, simpi mtu.

Injini ndiyo iliyonipa habari kwanza. Ilibadilisha sauti, ikaguna, ikawa kama mtu aliyekabwa, kisha chombo kikasimama. Nikatoa gia, nikamulika nyuma. Niliona kamba ya kijani ya nailoni imekazana kuelekea chini ya tezi, na nyuma yake maboya madogo yaliyokatwa kwenye kandambili, moja bluu, moja nyekundu, moja bluu, yamejipanga kwenda gizani. Mvuvi akikosa pesa ya maboya ya dukani hukata kandambili zilizookotwa ufukweni. Baba yangu alifanya hivyo hivyo. Nilijua tumepanda jarife, yaani wavu wa kutega, la mtu maskini.

Mwenye chombo akaniletea kisu. Kwa haki yake, ndivyo vinavyosema vitabu vya yoti: mgeni akinaswa, akate ajiokoe. Nikakishika kile kisu. Ndipo nikasikia sauti kutoka gizani, "Usikate! Zima mashine, mwanangu, usikate!"

Ulikuwa mtumbwi wenye watu wawili, mzee na kijana wa miaka kama 17. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia marahaba kwanza, akauliza tunatoka wapi, halafu ndipo akauliza habari ya wavu wake. Hakutukana. Nimewahi kutukanwa kwa makosa madogo kuliko lile, na nilikuwa nimejiandaa.

Mungu alitusaidia maji yalikuwa yamesimama, hakuna mkondo wa kutuburuta. Yule kijana, ambaye ni mjukuu wake, akavua shati, akachukua tochi yetu ya majini akazama. Mzee alishika kamba ya juu ya jarife kwa mikono miwili ili isivutike, na kila mara kijana alipoibuka kupumua alimwambia babu yake amefungua mizunguko mingapi. Mitatu. Minne. Huu umekaza. Mara mbili nilitaka kuzama mimi, mzee akanizuia, akasema mtu aliyeanza kufungua ndiye anayekumbuka wavu umezunguka vipi. Ilifika karibu saa sita ndipo tukawa huru. Katika jarife zima tulipoteza pima tano. Kwa kile kisu changu tungepoteza nusu yake, na iliyobaki ingezama na vizito vyake vya risasi ikanase samaki mwambani mwaka mzima bila mtu wa kuwala.

Kisha mzee akasema nimfuate. "Ukiona tochi yangu imezimika, simama." Alitupitisha kwa njia ambayo mimi nisingeithubutu, karibu na upande wenye mikoko, akatuonyesha pa kutia nanga. Nikamwambia, mzee wangu, ramani inaonyesha alama ya nanga kule tulikotoka, mbona tusirudi kule? Akajibu, "Kule ni njia ya dagaa. Subiri alfajiri utaona."

Alfajiri niliona. Boti za dagaa zilirudi moja baada ya nyingine, zimelala chini kwa uzito, taa zao bado zinawaka, vijana wamesimama juu ya nyavu zilizolowa. Zilipita mahali pale pale penye alama ya nanga katika ramani yangu. Ningekuwa nimelala pale, na taa yangu moja mlingotini, sijui ni boti ipi ingenigonga kwanza.

Asubuhi tulishuka pwani. Bendera zilikuwa nusu mlingoti kwa msiba wa Waziri Mkuu wa zamani, Mheshimiwa Edward Lowassa, aliyefariki siku ya Jumamosi. Nilimkuta mzee chini ya mkungu, jarife amelitandaza, kidole gumba cha mguu kimekamata ukingo wa wavu ili ukaze, sindano ya kufumia mkononi na kijiti cha kupimia jicho la wavu kidole cha pili. Nikaomba sindano nyingine. Akaniangalia vidole kabla ya kunipa. Mafundo mawili ya kwanza aliyakagua kwa kuyavuta, la tatu hakulivuta tena, akaendelea na lake. Tulifuma mpaka adhuhuri.

Mwenye chombo alileta dola. Zilikuwa nyingi, alitoa kwa moyo safi, na mkewe alikuwa analengwa na machozi. Mzee akahesabu kwa sauti: uzi, kamba, maboya, siku mbili za kutokwenda baharini, na kitu kidogo cha mjukuu aliyezama. Akachukua kiasi hicho, nyingine akarudisha. Alisema akichukua zaidi, yoti ijayo ikikata wavu itadhani imenunua haki ya kukata.

Nilimuuliza kwa nini hatundiki taa kwenye jarife. Siku hizi kuna vitaa vya sola vya bei nafuu. Akaniambia amewahi kufanya hivyo, na usiku huo huo wakaja watu wakaukwepua wavu na samaki wake. Taa inamwonyesha nahodha na inamwonyesha mwizi. Sikuwa na jibu. Nimelifikiri tangu siku ile na bado sina, isipokuwa hili ninaloliandikia: kama wavu hauwezi kujionyesha, basi awepo mtu anayejua uko wapi. Mtu huyo hawezi kuwa mimi na ramani yangu, wala ofisa aliyehamishiwa pale mwaka jana. Ni mvuvi wa pale pale.

Jioni tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, na kibali chetu. Nimefika mara nyingi, lakini kila nikisimama Husuni Kubwa, jumba la masultani, pale kwenye lile birika la pembe nane linalotazama bahari, napata mawazo. Ibn Battuta alifika mji ule mwaka 1331. Vyombo vilikuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi na vikatua salama, na hapakuwa na GPS wala ramani ya karatasi. Kulikuwa na marubani. Watoto wetu leo wanalijua neno rubani kwa ndege tu, lakini wazee wetu walimwita rubani yule mtu wa bahari anayepanda chombo cha mgeni akakiingiza bandarini. Hata Vasco da Gama, mwaka 1498, aliivuka bahari kwenda Hindi baada ya kupewa rubani Malindi.

Meli kubwa zinapewa rubani hadi leo katika bandari zetu. Yoti haipewi, wala jahazi. Mwenye yoti anafika mji wa wavuvi, anazunguka ofisi moja baada ya nyingine kugongewa mihuri, analipa hapa na pale, na katika safari yote hiyo hakutani na mtu hata mmoja anayemwambia nyavu ziko wapi. Wavuvi nao wanamwona kama pambo linaloelea, linalokuja na kuondoka. Siku wanayokutana ni siku ya kukatiana nyavu.

Ombi langu kwa wanaoipanga bandari ya Kilwa Masoko ni kwamba kikundi cha wavuvi, yaani BMU ya pale (Beach Management Unit, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), kipewe kazi ya urubani wa vyombo vidogo vya wageni. Wapewe redio ya bahari, na namba moja ya simu ibandikwe mahali pa wazi na kupelekwa kwenye klabu za yoti na ofisi za mabandari jirani. Yoti ikikaribia iite, iambiwe isubiri wapi, aje mvuvi na mtumbwi wake aitangulie mpaka mahali pa kutia nanga. Ada ya usiku ilipwe kwa kikundi na stakabadhi itolewe. Wageni wangu wawili wangelipa kwa furaha, nami ningekuwa nimelala saa tatu usiku badala ya kumulika maji.

Kabla ya hapo, wakati ujenzi haujaisha, wahandisi wakae chini na wavuvi wachore njia: dagaa wanapita wapi na saa ngapi, majarife yanategwa wapi wakati wa kaskazi na wapi wakati wa kusi, mitumbwi ya Kisiwani inavukia wapi. Yoti yetu ni ya futi 40, na injini yake ilikula pima tano kisha ikakwama. Meli ya uvuvi wa bahari kuu itapita juu ya jarife zima bila injini kuguna. Mvuvi atakuta kamba imekatika, hatajua amdai nani.

Na pakiwa na nafasi, zijengwe ngazi za zege zinazofika mpaka maji ya kupwa. Asubuhi ile saa nne niliwaona kina mama wanaokaanga samaki wakitembea kwenye tope hadi magotini, ndoo kichwani, kwenda kununua dagaa botini kabla madalali hawajafika. Mmoja alikuwa mjamzito. Gati la meli halitamsaidia yule, liko juu mno. Ngazi zingemsaidia yeye, na mvuvi mwenye mtumbwi, na mgeni mwenye boti lake la mpira.

Kwa manahodha wenzangu wa yoti nasema tu: saa ya kung'oa nanga ikifika, semeni, hata kama mwenye chombo bado anapiga picha. Na mkinaswa, zimeni injini na mpige kelele kabla ya kutafuta kisu. Mwenye wavu kwa kawaida hayuko mbali.

Nilipomuaga yule mzee nilimweleza wazo hili la rubani, nikamuuliza kama angeikubali kazi yenyewe. Alicheka, akasema macho yake ya usiku yamekwisha. Lakini mjukuu, alisema, anaujua mlango ule bila tochi, na kwa sasa hana kazi nyingine ila kungojea giza la mwezi aende kwenye dagaa za watu.

Nahodha wa yoti,
Raskazone, Tanga
(Jina langu nimekuachia wewe, Mhariri)
Machi 2024