Maji hayajafika Ng'iriama

Rujewa, Mbarali
Oktoba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Usangu. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako niliipata na swali lako limenikaa moyoni: wafugaji na wavuvi waliondolewa kwenye tindiga la Ihefu, kinamasi chetu kikubwa cha hapa Usangu, katika operesheni ya 2006, na tangu 2008 eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, sasa mbona mto Ruaha Mkuu umeendelea kukauka kiangazi?

Jibu liko Ng'iriama. Pale ndipo Ihefu inapotolea maji yake, na kizingiti chenyewe ni mwamba. Maji ya tindiga yakiwa juu ya mwamba, mto unakwenda. Yakishuka chini yake, hata kidogo tu, mto umekatika, ingawa nyuma bado maji yapo. Ndivyo ilivyoanza kutokea miaka ya 1990. Kule chini hifadhini viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na perege huelea wamekufa. Kambale huvumilia zaidi, lakini naye ana kikomo. Inaniuma sana.

Kwa hiyo kulinda Ihefu bila kuipelekea maji hakutoshi. Mito inayoijaza, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha yenyewe, yote hupita kwanza kwenye mabanio yetu, yaani vizuizi vya kuelekeza maji kwenye mifereji ya mashamba. Sisemi mpunga uachwe. Ndio ulionisomeshea watoto. Masika maji hututosha sote, na mengine hushuka mpaka Mtera na Kidatu kuzalisha umeme mnaotumia huko Dar. Shida ni miezi hii, mito ikiwa myembamba. Wapo wanaowahi kuotesha miche ili wauze mapema bei ikiwa nzuri. Lakini ipo pia mifereji inayoachwa wazi huku majaruba ni makavu, na ukiuliza sababu, akina mama watakujibu bila kusita: ndiyo maji yetu ya kunywa na kufulia. Wana haki kabisa. Ila mfereji mrefu wa udongo hutiririka usiku na mchana ili kijiji kijaze ndoo, na maji mengi huishia ardhini na juani kabla ya kufika.

Ndiyo maana nasema ukombozi wa Ihefu uanzie kwenye visima. Kijiji cha mwisho wa mfereji kikipata kisima kirefu, banio litafungwa kiangazi bila mtu kukosa maji ya kupikia. Nguvu nyingi zimetumika kuhamisha watu. Robo yake tu ingeelekezwa kwenye visima, ningekuwa na matumaini makubwa zaidi.

Jumuiya yetu ya watumia maji iko tayari kuanza na mfereji mmoja. Kinachotukwamisha ni banio lenyewe: mawe, magogo na viroba vya mchanga. Ukiliziba leo, kesho mtu kalizibua. Wewe umesomea umwagiliaji. Tuchoree lango la chuma ambalo fundi wa kuchomelea wa hapa Rujewa ataliweza, lenye komeo, pamoja na kipimo cha maji ambacho mkulima yeyote atakisoma mwenyewe. Ukiweza, uje na mchoro huo kwenye mkutano wetu kabla mvua hazijaanza, maana wazee watakuwa na maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu. Nauli tutachanga.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Usangu