Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano: kabla 2G na 3G hazijazimwa, tukumbukeni sisi wa mapaani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa sola. Naishi Umoja, na kazi hii imenipandisha mapaa ya Buruburu, Donholm, Kasarani, Utawala hadi Ruai. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe, kuzimwa kwa mitandao ya zamani ya simu ya 2G na 3G, linagusa nyumba nyingi, na ufunguo wake uko ofisini kwako: masafa ya simu yako chini ya mamlaka yenu, na vifaa vya mawasiliano vinavyoingia sokoni ni ninyi mnaoviidhinisha.

Nianze na nyumba moja ya Buruburu. Mteja wangu ni mwalimu mstaafu. Tulimfungia paneli nane, mistari miwili ya nne nne, inveta moja (mashine inayogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani) na betri nne za jeli. Chini ya inveta pamechomekwa kifaa chenye urefu wa kidole, ndani yake mna laini ya simu. Sisi mafundi tunakiita loga. Kila dakika tano hutuma taarifa fupi: paneli zinatoa wati ngapi, betri zimejaa kiasi gani, nyumba inakula kiasi gani. Mwalimu aliyaona hayo kwenye simu yake, nami nikayaona kwenye yangu. Ilikuwa desturi yake asubuhi kuvaa miwani na kutazama mstari wa grafu ukipanda kama kilima kabla hajanywa chai.

Siku moja mstari ukakatika. Akanipigia: "Fundi, simu inaniambia hakuna kitu, lakini taa zinawaka." Nikaenda. Loga ya aina ile ina kijitaa cha mtandao. Kikikonyeza mara moja kila sekunde tatu hivi, kimeshika mtandao. Kikikonyeza harakaharaka, bado kinatafuta. Nilikaa kwenye ngazi dakika arobaini nikikitazama, na hakikutulia hata mara moja. Nikachomoa laini nikaitia kwenye simu yangu. 4G ilikuja imejaa. Nikaiwekea simu itumie 2G peke yake, mtandao ukapotea. Mnara wa jirani ulikuwa umefanyiwa kazi wiki ile, na majirani walikuwa wakifurahia kasi mpya ya intaneti. Loga ya Mwalimu haijui lugha nyingine ila 2G.

Kampuni iliyotuuzia vifaa ilinijibu kwamba hakuna loga ya 4G kwa inveta ya toleo lile, na kwamba dawa ni kununua inveta nyingine. Inveta yenyewe haina hitilafu yoyote. Mwalimu akasema basi tuiache, mradi stima ipo.

Na kweli stima iliendelea kuwepo. Watu wengi wanaposikia habari hii huishia hapo: sola haihitaji mtandao wa simu ili ifanye kazi, kwa hiyo hasara iko wapi? Naomba unisikilize hapa, Mkurugenzi, kwa maana hasara yenyewe haipigi kelele.

Wiki saba baadaye aliniita tena. Taa zilikuwa zinazimika saa nne usiku. Nilipopanda juu nilikuta konekta, kiungio cha nyaya, ya mstari mmoja wa paneli imeungua. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka ikawa nyeusi, na nilipoigusa ilivunjika mikononi kama biskuti. Paneli nne kati ya nane hazikuwa zinatoa chochote, na tangu lini, hakuna aliyejua. Ilikuwa Julai, na unaijua Julai ya Nairobi, mawingu tangu asubuhi. Mwalimu alidhani ni baridi tu ndiyo inayozuia betri kujaa. Kumbe zililala njaa siku baada ya siku, na betri ya jeli ikikaa muda mrefu bila kujaa, chumvi ya risasi huganda kwenye bati zake na uwezo wake haurudi. Mbili zilikuwa zimekufa. Kwa kuwa betri mpya haifai kufungwa pamoja na kuukuu, imembidi anunue zote nne. Loga ingekuwa hai, ningeona siku ile ile kwamba kilima kimekuwa nusu, nikaja na konekta mpya mfukoni. Mfumo bila ufuatiliaji ni kama gari lisilo na geji: litakwenda vizuri mpaka siku litakapokuacha njiani.

Yaliyompata Mwalimu yametokana na mnara mmoja. Mtandao mzima wa zamani ukizimwa, yatazipata nyumba nyingi kwa siku moja.

Siandiki kupinga 4G wala 5G. Naelewa kwa nini kampuni za simu duniani zinazima mitandao ya zamani. Masafa ni kama ardhi ya mjini, hayaongezeki. Kipande kilekile kinachobeba 2G kikipewa 4G hubeba data nyingi zaidi, na kuendesha mitandao mitatu au minne kwa pamoja ni gharama ya mitambo, vipuri na umeme wa minara. Ila tuone waliotutangulia walifanyaje.

Marekani, AT&T ilizima 3G tarehe 22 Februari 2022, na Verizon ikafuata mwisho wa mwaka huohuo. Nyumba zenye sola ambazo mifumo yake iliripoti kwa modemu za 3G, vifaa vya kutuma taarifa kama loga zetu, zilijikuta gizani kwa upande wa taarifa, na wenyewe wakalazimika kutafuta modemu mpya au kuhamia intaneti ya nyumbani. Australia, Telstra ilitangaza mwaka 2019 kwamba 3G itazimwa 2024, miaka mitano mbele. Hata kwa notisi ndefu hivyo siku ilipokaribia ikasogezwa, mara ya mwisho hadi 28 Oktoba 2024, kwa sababu kulikuwa bado na simu zisizoweza kupiga namba ya dharura bila 3G. Uingereza, serikali na kampuni za simu zilikubaliana mwaka 2021 kwamba 2G na 3G zitakuwa zimeondoka ifikapo 2033, na huko nako kuna mita za umeme majumbani zinazotegemea mitandao hiyo na ambazo lazima zibadilishwe vifaa vya mawasiliano. Tarehe ya kuzima ikipangwa, kazi kubwa huwa ni kuvitafuta vifaa vilivyofichwa kwenye kuta na mapaa. Simu iko mfukoni mwa mtu, loga hakuna anayeikumbuka.

Halafu kuna suala la ipi itangulie. Waaustralia na baadhi ya Wamarekani walizima 2G kwanza, 3G baadaye. Ujerumani walifanya kinyume: Telekom na Vodafone waliondoa 3G katikati ya 2021 na kuiacha 2G ikiendelea, mojawapo ya sababu ikiwa ni mashine nyingi zinazoitumia. Kwetu sisi njia ya Wajerumani ndiyo yenye busara. Loga nyingi za 3G zikikosa 3G hurudi 2G zenyewe bila kuguswa. Na chaneli moja ya GSM, yaani hiyo 2G, huchukua kilohezi 200 tu, kwa hiyo utepe mwembamba wa masafa ukiachwa kando utatosha mashine zinazotuma taarifa kidogo, utatosha pia kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya shosho anayepokea M-Pesa kijijini. Hiyo ni kauli yangu ya fundi. Wahandisi wenu wataipima kwa vipimo vyao.

Kwa nini loga nyingi ni za 2G? Kwa sababu kazi yake ni ndogo. Taarifa ya kila dakika tano ni mamia machache ya baiti, na kwa mwezi mzima hukusanyika megabaiti chache tu. 2G iliweza hilo bila jasho, na chipu zake zilikuwa za bei nafuu kuliko zote. Na Nairobi hii hii ndiyo iliyoionyesha dunia kinachowezekana kwa laini ndani ya kifaa cha sola: kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mwaka 2012, mtu analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na kifaa kinajulishwa malipo hayo kwa mtandao wa simu. Jambo lililoanzia kwetu lisije likawapata wananchi wetu bila taarifa.

Utaniuliza, mbona tusitumie Wi-Fi ya nyumbani? Tunaitumia panapowezekana. Lakini ruta iko sebuleni na inveta iko stoo nyuma ya kuta mbili za mawe. Mtoto akibadilisha nywila, loga hubaki nje. Mpangaji akihama, anaondoka na intaneti yake, na sola inabaki ya mwenye nyumba. Stima ikikatika na ruta haikuungwa kwenye betri, taarifa zinakatika saa ileile unayozihitaji. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, nilikaa kitandani nikiwatazama wateja wangu kwenye simu mmoja mmoja: huyu ana asilimia sabini, huyu arobaini, huyu nimpigie azime friji. Zilizoendelea kunifikia zilikuwa loga zenye laini.

Basi naomba haya. La kwanza na kubwa ni kifaa kinachouzwa leo. Paneli hupewa dhamana ya miaka 25, na inveta nzuri hukaa miaka kumi na zaidi. Bado ninaletewa loga mpya, kwenye boksi lake, ambayo ni ya 2G peke yake, na aliyeinunua hajui. Mamlaka ikiidhinisha kifaa cha kufungwa ukutani kwa miaka kumi, ikiulize kitaongea mtandao gani baada ya miaka mitano. Visivyo na 4G visiendelee kuidhinishwa kwa kazi za namna hii. Ikiwa hilo ni zito kwa sasa, basi boksi liandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: kifaa hiki kinatumia 2G pekee. Na si kila "4G" iliyoandikwa kwenye boksi inafaa hapa. Nimefungua modemu zilizotengenezwa kwa bendi, yaani mafungu ya masafa, za nchi nyingine, zisizoshika megahezi 800 wala 1800 tunazotumia kwetu. Modemu za 4G za aina ya Cat 1, zile za kasi ndogo, zipo, hutumia mtandao wa kawaida wa 4G bila mnara kuongezwa kitu, na zinatosha kabisa kwa kazi hii.

La pili ni notisi. Siku kampuni yoyote ya simu itakapotaka kuzima 2G au 3G, iwe kaunti moja au mnara mmoja, itangaze mapema, na tangazo lifike kwa mafundi na waagizaji wa vifaa, lisiishie gazetini. Kampuni za simu zinajua ni laini zipi zimekaa kwenye 2G miaka yote bila kupiga simu hata moja. Hizo ndizo mashine. Mwenye laini atumiwe ujumbe kwenye namba yake ya kawaida. Nipe miaka mitatu nami nitawazungukia wateja wangu wote, nyumba kwa nyumba, nikibadilisha loga wakati wa kuosha paneli, bila kumtoza mtu safari ya ziada. Ukinipa miezi mitatu siwezi, na sijui fundi anayeweza.

Na la mwisho, ambalo mtahitaji kulizungumza na wenzenu wa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mwenye nyumba awe na haki ya kusoma inveta yake mwenyewe kwa waya. Inveta nyingi zina mlango wa kuchomekea waya wa taarifa, uitwao RS485, ila baadhi ya watengenezaji huuficha nyuma ya lugha yao ya siri. Ukiwa wazi, mtandao ukifa tunachomeka kisanduku kingine chenye laini ya 4G na inveta inabaki. Ukifungwa, inveta nzima inatupwa jalalani kwa ajili ya chipu ndogo. Kanuni za 2024 zinamruhusu mtu kupeleka umeme wake wa ziada kwenye gridi na kurudishiwa nusu ya yuniti hizo kwenye bili. Atajuaje kama hesabu ni sawa ikiwa hana takwimu zake?

Jumamosi hii narudi Buruburu kufunga zile betri nne. Mwalimu ameshaniuliza mara mbili kama akope anunue na inveta mpya, au anunue loga nyingine ya 2G aibandike karibu na dirisha ambapo mawimbi bado yanafika. Nimemwambia asubiri. Jibu lake linategemea swali ninalokuuliza wewe mbele ya watu wote, nami nitalipeleka kwake kama lilivyo: 2G ya Nairobi itaishi hadi mwaka gani?

Wako katika kazi,
Fundi wa sola, Umoja, Nairobi