Mwali atoke korosho zikishalipwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu unyago, ngoma ya kuwafunda wasichana, huku kwetu Newala, mkoani Mtwara. Kila ikifika Juni tunasikia redioni watu wa kusini tukisemwa: tunacheza ngoma, tunauza korosho zikiwa bado maua, halafu Januari tunalia hatuna sare za watoto. Mimi ni mkulima, nina miaka 62, na katika mji wetu nimeshashiriki kuwatoa wali tisa, yaani wasichana waliochezwa unyago. Wanaotusema wana ukweli wao. Lakini ngoma mimi naitetea, na nitaitetea hadi naingia kaburini. Ninachotaka kibadilike ni tarehe yake.

Mji wetu una nyumba tatu na watu 23. Nipo mimi, wadogo zangu wawili wa kike, kaka yetu ambaye ndiye mjomba wa watoto wote, waume na wake, wajukuu, na mama yetu mdogo ambaye umri wake tunaukadiria tu. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akisema wali watoke mwaka huu, wanatoka.

Mwaka wetu tunauhesabu kwa mkorosho. Mei na Juni tunafyeka na kusafisha chini ya miti. Juni hadi Agosti, alfajiri majani yakiwa bado na umande, mwenye mashine anapita kupuliza salfa, maana ugonjwa wa ubwiriunga ukiyawahi maua yanakuwa kama yamemwagiwa unga na korosho ndiyo basi tena. Mwishoni mwa Septemba zinaanza kudondoka. Hapo watoto wanaokota kabla ya kwenda shule, sisi wakubwa tunachomoa korosho kwenye mabibo na kuanika, na mama mdogo anakaa kwenye mkeka wake akichagua: nzuri huku, zilizosinyaa kule. Akiwa na shaka na moja anaitikisa sikioni. Hakosei. Kisha gunia zinakwenda chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, mnada unafanyika, na baadaye hela inaingia benki.

Kila mtoto wa mji huu ana mkorosho wake. Alianzisha baba yetu: mtoto akizaliwa unapandwa mmoja, na ukianza kuzaa korosho zake zinawekwa kando, ndizo zinazonunua viatu vya mwenye mti. Mjukuu wangu wa miaka sita huwa anakwenda kuuangalia wake hata Aprili, wakati hauna kitu.

Sasa angalia pale hela inapokuwa haipo. Februari na Machi tunalima na kupalilia, ghala la chakula limekwisha, korosho za mwaka jana zimeshaliwa. Juni chakula kipo, muhogo upo, mtama upo, lakini shilingi hakuna. Na Juni ndiyo likizo ya shule, na ndiyo kiangazi, ndiyo maana tangu wazee wetu ngoma nyingi zinaangukia hapo. Basi ndipo kangomba anapopiga hodi. Kwa msomaji wa mbali, kangomba ni kuuza korosho nje ya ghala, mara nyingi kabla hazijaiva, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Anakuja na hela taslimu mfukoni. Haandiki kitu, na hasahau kitu.

Mwaka 2017 tulikuwa na wali watatu. Kaka alishatangaza kuwa ngoma ni likizo ya Juni, kama walivyofanya wajomba zake. Zilihitajika khanga, mchele, mafuta, haki ya nyakanga, yaani mwalimu mkuu wa unyago, haki ya wapiga ngoma. Akachukua shilingi 800,000 kwa mtu mmoja kwa ahadi ya gunia nane. Ngoma ilifana. Watu walikuja kutoka Tandahimba na Masasi, wali walipakwa mafuta wakang'aa, mama mdogo alicheza hadi tukamshika mkono akae.

Oktoba mnada ukafunguliwa. Bei ikapita shilingi 3,500 kwa kilo. Gunia moja ni kilo 80. Nilikaa na daftari langu usiku nikapiga hesabu mara tatu nikidhani nimekosea: gunia nane ni kilo 640, na kwa bei ile ni shilingi 2,240,000. Hata ukitoa makato yote, tulichopewa Juni hakikufika nusu yake. Na ahadi ni ahadi. Tulizipeleka kwa baiskeli usiku, watoto wakisukuma kwa nyuma, watoto wale wale waliookota.

Januari mmoja wa wali wale watatu akawa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Ada haipo tangu 2016, tunashukuru, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinataka hela, na mkorosho wake peke yake haukutosha. Aliripoti wiki tano baada ya wenzake. Wiki zile tano aliamka, akafagia uwanja, akaosha vyombo, hakusema neno. Mimi ndiye niliyemfunga khanga siku ile anatoka, watu wakipiga vigelegele. Nilishindwa kumtazama usoni.

Februari hiyo nikamwita kaka chini ya mwembe, na wadogo zangu wakakaa. Nikamsomea daftari. Akasema, "Rudia hapo kwenye gunia nane." Nikarudia. Alikaa kimya hadi nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Dada, andika kwamba mji huu hauuzi tena maua." Nikaandika, na tarehe nikaweka. Ukurasa ule upo mpaka leo.

Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kumshawishi nyakanga. Alikuja, akanywa uji, akasikiliza, akakataa. Alisema mwali hatolewi wakati wa mvua, na Desemba mvua zimeshaanza. Akasema Desemba hakuna chakula cha kulisha watu. Akasema tunataka kumgeuza mwali kuwa korosho, asubiri mnada. Neno lile liliniuma kwa sababu nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Nikamjibu kwamba chakula tutatenga makopa ya muhogo tangu Agosti, na mchele tutanunua kwa hela yetu wenyewe. Kuhusu mvua sikuwa na jibu. Alirudi mara tatu ndipo akakubali, kwa sharti kwamba siku za kukaa ndani zisipunguzwe hata moja. Tukakubali, maana likizo ya Desemba ni ndefu na zinatosha.

Mwaka 2018 hatukuwa na mwali. Desemba 2019 tulikuwa na wanne, wasichana wa nyumba zote tatu kwa pamoja, jambo ambalo zamani tungelifanya kwa ngoma tatu tofauti na madeni matatu. Hela ilikuwa imeingia. Sare za shule zilinunuliwa kwanza, zikafungiwa kwenye sanduku langu na ufunguo nikauvaa shingoni. Na mvua ikanyesha, kama alivyosema nyakanga. Ilianza saa mbili usiku, ngozi za ngoma zikalegea, zikawa zinalia kama debe bovu. Wapiga ngoma wakaingia jikoni kwangu, wakawasha vifuu vya nazi, wakawa wanazikausha ngoma mojamoja huku wanawake wakiimba kwa makofi tu kwenye kibaraza ili usiku usikatike. Ngoma moja ikishapata sauti inatoka, nyingine inaingia motoni. Tulikesha hivyo. Nimehudhuria ngoma nyingi za kiangazi chini ya mwezi na sikumbuki iliyonikaa moyoni kama ile. Asubuhi nyakanga alikuwa amelowa hadi magotini. Akaniambia, "Mwakani mjenge banda." Tumejenga.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, hata kama wazee wenzangu hawatapenda. Katika mji wetu msichana sasa hapelekwi unyagoni hadi amalize darasa la saba. Huko anafundishwa usafi wake wa kila mwezi, heshima, kupika kwa ajili ya watu wengi, namna ya kukataa mtu. Mambo ya ndoa yanasubiri ndoa. Mtoto wa miaka tisa kuelezwa mambo ya kitandani ni kosa, na waliokuwa wakifanya hivyo tunawajua na tumeacha kuwaita.

Sasa safari. Baba yetu alipokuwa kijana alipakua mizigo bandari ya Mtwara, na bahari haikumtoka kichwani. Alipokuja kulima huku juu, kila mwaka akishauza korosho alimchukua mtoto mmoja tu, kwa kufuata kuzaliwa, akashuka naye Mtwara kumwonyesha bahari. Mmoja kwa mwaka, kwa sababu nauli ilikuwa ya mmoja. Zamu yangu ilifika 1974, nikiwa na miaka 11. Tulipanda lori, tukalala kwa rafiki yake Mikindani, na asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, wanawake wako mbali huko wanaokota chaza. Nilimuuliza baba nani ameyanywa. Mdogo wetu wa mwisho zamu yake haikufika, baba alifariki kabla. Aliiona bahari akiwa mtu mzima, tukiwa naye sote, akalia.

Tangu 2019 tunakwenda mji mzima. Mwisho wa Desemba, baada ya wali kutoka, tunakodi Kosta. Wali wapya ndio wanaokaa dirishani. Miaka ya mwanzo barabara ya vumbi ilituchosha, na lami ikianza watoto walipiga makofi kama vile wamefika. Tunakwenda Msimbati, tunapika pwani, tunanunua pweza wakiwa bado wabichi kwa wavuvi, tunarudi na dagaa na chumvi ya kutosha hadi Machi. Mama mdogo anaingia maji hadi kwenye vifundo vya miguu, anaonja, anasema bado yana chumvi. Kila mwaka anaonja.

Watoto wa mjini, wale wa ndugu zetu walioko Dar es Salaam, nao huwa wanakuja likizo hiyo. Hawa nina ombi nao, yaani wazazi wao. Ngoma ikitangazwa mnatuma michango, na mnatuma mingi, Mungu awalipe. Lakini mchango unaookoa mji ni wa Februari. Shilingi elfu thelathini ya Februari inazuia kangomba asisikilizwe, zaidi kuliko laki moja ya siku ya sherehe. Sisi tumeanza kutenga: kila mtu mzima akishalipwa korosho anaweka hela ya nusu gunia kwenye akaunti ya mji, na haiguswi mpaka mwezi wa pili. Ndugu zetu wawili wa Dar wameshaanza kutuma nao mwezi huo. Wakija wanarudi na gunia la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula, kwa hiyo hawatudai.

Na kwa wajomba wa Newala, Tandahimba, Masasi na ndugu zetu wa Lindi wanaolima korosho kama sisi: kabla hujatangaza mwaka wa wali, muulize dada yako hela iko wapi. Kwa maofisa watendaji wa vijiji mnaotoa vibali vya ngoma, Juni mtu akija kuomba kibali, mwulizeni kama korosho zake bado ni zake. Najua si swali la kwenye fomu. Na kwa manyakanga, ninyi ndio mnaosikilizwa kuliko redio. Wetu alikataa mara tatu, leo anakwenda vijiji vya jirani kuwaambia wenzake wajenge banda.

Mei mwaka huu yule mtu wa 2017 alipita tena, safari hii na pikipiki. Kaka alimkaribisha ming'oko na chai, wakazungumza habari za mvua. Alipotoa hela, kaka akaniita nilete daftari. Mgeni alisoma ule ukurasa, akamaliza chai yake, akaaga vizuri.

Tuna wali wawili mwaka huu. Makopa yameshaanikwa juu ya bati, na mwenye Kosta tumeshamuuliza bei.

Ni mimi,
Mama Mkubwa wa watu 23,
Newala, Mtwara.