Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Wasichana wetu wanapimwa, nani anawalinda?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kama mwalimu wa riadha katika shule ya wasichana. Kazi yangu ni kuwatafuta wasichana wenye mbio, kuwanoa, na kuwafikisha kwenye mashindano ya kaunti na ya taifa. Walio bora huenda mbele zaidi, hadi mahali ambapo mimi sifiki. Huko waendako ndiko kunakonitia hofu.

Tangu Septemba 1, 2025, mwanamke yeyote anayetaka kushiriki mbio za wanawake katika mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya dunia ni lazima kwanza apimwe jeni inayoitwa SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y, ile ya kiume. Anapanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, au anatolewa tone la damu. Jeni hiyo ikipatikana, mlango unafungwa, isipokuwa kwa wale wachache ambao miili yao haiitikii kabisa testosteroni, ile homoni ya kiume. Kanuni imeandikwa na Shirikisho la Riadha Duniani, lenye makao makuu Monaco. Lakini wanaoisimamia ni mashirikisho ya nchi. Kwa hiyo msichana wa Kenya anapimwa nyumbani, na watu wa nyumbani, chini ya sheria za Kenya. Ndiyo maana naielekeza barua hii kwako.

Nikukumbushe Rio mwaka 2016. Fainali ya mita 800 ya wanawake ilipomalizika, jukwaa zima lilikuwa la Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, na Margaret Wambui wetu shaba. Hakuna aliyeiba kitu. Hakuna aliyedunga sindano ya dawa haramu. Miaka miwili baadaye ikatolewa kanuni iliyowalenga wanawake wenye testosteroni ya juu ya kuzaliwa nayo, na iligusa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja pekee. Waliambiwa wameze dawa za kushusha homoni au watafute mbio nyingine. Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikubali kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi, kisha kwa kura mbili dhidi ya moja ikasema ubaguzi huo ni wa lazima.

Semenya alikuwa amekwisha kumeza vidonge hivyo kwa miaka mitano hivi kabla ya hapo, na amesema wazi jinsi vilivyomuumiza. Safari hii alikataa, akaenda mahakamani. Niyonsaba alihamia mbio ndefu na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb. Machi 2023 kanuni ikapanuliwa, na mbio alizokimbilia nazo zikafungwa. Wambui alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2014, na alikuwa bado hajafika miaka ishirini na mitano mlango ulipofungwa. Alipotea kwenye mbio za kimataifa. Alipozungumza na wanahabari mwaka 2021 aliomba jambo la unyenyekevu sana: kama hatakiwi mbio za wanawake, basi liundwe kundi la tatu la mashindano ili watu kama yeye wapate pa kukimbilia. Sikusikia Serikali ikimjibu. Medali yake ilihesabiwa kuwa ya Kenya, lakini mzigo uliofuata akaubeba peke yake.

Jirani yetu Uganda ndiko kulikotokea kisa ambacho, Mheshimiwa, ningeomba ukisome polepole. Annet Negesa alikuwa na miaka 20 mwaka 2012. Alikuwa ameweka rekodi ya taifa lake ya mita 800, dakika 1:59.08, na alikuwa anajiandaa kwa Olimpiki ya London. Wiki chache kabla ya michezo akaondolewa kwa sababu ya vipimo vya homoni. Mwezi Novemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji mjini Kampala. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani anakwenda kupata matibabu mepesi, akaamka na alama za kisu tumboni bila kueleweshwa vizuri alichotolewa, wala matunzo ambayo mwili wake ungehitaji baadaye. Shirikisho la Dunia limekana kuhusika na upasuaji huo. Tuyaache mabishano hayo yalivyo. Lisilobishaniwa ni kwamba mwili wake haukurudi ulivyokuwa, udhamini wake wa masomo ulikwenda, na mwaka 2019 alipata hifadhi Ujerumani. Mkimbiaji aliyekuwa fahari ya nchi yake leo ni mkimbizi.

Nauliza: siku ile anaambiwa majibu, nani alikuwa ameketi kando yake? Nani wa wizara? Daktari gani asiye na maslahi na medali?

Haya ya kuwakagua wanawake hayakuanza leo. Mwaka 1966 kule Budapest wanariadha wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya madaktari. Kisha vikaja vipimo vya kromosomu. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walikutwa na jeni hii hii ya SRY, na baada ya kuchunguzwa wote wakaruhusiwa kushiriki. Mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaachana na upimaji wa jumla, kwa kuwa ulikuwa unawaumiza watu bila kumkamata mdanganyifu yeyote. Sasa umerudi. Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia aliyeigundua jeni hiyo mwaka 1990, ameandika hadharani kupinga matumizi yake haya. Anasema kuwepo kwa jeni hakuonyeshi kama korodani zilijiunda, kama zinatoa testosteroni, wala kama mwili unaweza kuitumia.

Sipuuzi hoja ya haki kwa wasichana wengine. Nina wasichana wanaokosa kufuzu kwa nusu sekunde, na wazazi wao huniuliza maswali magumu wakiwa na hasira za haki. Mwili uliopitia balehe ya kiume kwa wastani una kasi na nguvu zaidi. Ndiyo sababu tuna mbio za wanawake, na nataka ziendelee kuwepo. Lakini hawa ninaowatetea hawakuvuka kutoka jinsia nyingine. Mkunga aliwapokea akasema ni msichana, wakavaa sare ya wasichana, wakalala bweni la wasichana. Wengi wao hupata habari za miili yao kwa mara ya kwanza kutoka kwa afisa wa michezo mwenye karatasi mkononi. Hata huo ushahidi ulioegemewa kuweka kanuni ya 2018 una nyufa: utafiti wa mwaka 2017 wa wanasayansi wa Shirikisho lenyewe ulifanyiwa masahihisho mwaka 2021, na waandishi wakakiri kwamba haukuthibitisha kuwa testosteroni ndiyo iliyoleta matokeo bora. Kwa ushahidi wa namna hiyo, watu wazima walifunga maisha ya watu wengine. Na hata kama siku moja sayansi itatoa jibu lisilo na shaka, bado litabaki swali la jinsi tunavyomtendea mtoto wa watu.

Maana kanuni ya Monaco ikifika huku chini haifiki kama karatasi ya maabara. Inafika kama ruhusa. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mashindano ya kaunti ndogo, msichana wangu wa kidato cha pili alishinda mita 800 kwa mbali. Alikuwa mrefu, mabega mapana, sauti nzito kidogo. Kabla hajapata pumzi, kocha wa shule nyingine alikuwa tayari ameegemea meza ya waamuzi. “Huyo ni kijana,” alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye jukwaa. Badala ya kumfukuza, waamuzi waliwaita matroni na mwalimu mmoja wa kike, wakampeleka yule mtoto kwenye vyoo vya nyuma. Nilibaki nje nikiwa nimeshika koti lake. Alipotoka alikuwa amejifunga leso kiunoni juu ya bukta, jua likiwa la saa saba. Hakunitazama. Matroni akawatikisia waamuzi kichwa kwamba hakuna neno, na ushindi ukabaki wake.

Muhula uliofuata hakuja mazoezini. Nilimfuata mama yake nyumbani. Akanikaribisha chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, mwache asome tu. Siku hizi anaoga usiku.”

Hakuna sheria ya Kenya iliyowaruhusu wale watu kufanya walichofanya. Hakuna aliyeulizwa. Na tangu habari za vipimo zianze kusikika redioni, minong’ono ya namna hii imeongezeka viwanjani. Mtoto akishinda sana anatazamwa taya. Akichelewa kuota matiti anaitwa majina. Wenye vifua bapa, wenye ndevu mbili tatu kidevuni, wenye misuli waliyoipata kwa kuchota maji mtoni tangu utotoni, wote sasa ni washukiwa. Wengi wao hawana tofauti yoyote ya maumbile. Walio nayo ndio wanaojifunza mapema zaidi kujificha.

Kinachoniuma zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba nchi hii inajua kufanya vizuri kuliko hivi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitaka Serikali itafute njia ya kuwatambua watoto huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi, katika kesi ya mtoto ambaye hati zake za hospitali ziliwekwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha 1,524, na naamini wengi zaidi walifichwa na familia zao siku karani alipobisha hodi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza mtoto huntha kufanyiwa upasuaji wa kubadili viungo vyake bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba. Na ipo sheria ya mwaka 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru, ambayo inampa mfungwa huntha haki ya kuchagua jinsia ya afisa atakayempekua.

Mfungwa ana haki hiyo. Mwanafunzi wangu aliyeshinda mbio hakuwa nayo.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoziweka taarifa za vinasaba katika kundi la data nyeti. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda heshima ya kila mtu, cha 31 faragha yake. Ufaransa ina sheria ya maadili ya tiba isiyoruhusu kipimo cha vinasaba kwa sababu kama hii, na shirikisho la michezo halikuweza kuifanya sheria hiyo itoweke. Sheria zetu nazo zina meno. Zinasubiri mtu wa cheo chako azitumie.

Wala usiambiwe kwamba mapambano haya ni ya bure. Julai 2025, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 15 dhidi ya 2, ilisema Semenya hakusikilizwa kwa haki na mahakama ya Uswisi alikokata rufaa. Kanuni zenyewe haikuzifuta, lakini imesema kwamba mwanamichezo anayelazimishwa kupeleka kesi yake kwenye baraza la michezo ana haki ya kuchunguziwa malalamiko yake kwa undani. Mwanamke mmoja wa Limpopo alifika hapo kwa kusukuma miaka mingi. Kenya, yenye uzito tulio nao katika riadha, ina sauti kubwa kuliko yake.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wako. Asipimwe mwanariadha yeyote wa Kenya kabla hajakaa na daktari na mshauri wasiolipwa na shirikisho, wakamweleza kwa lugha anayoielewa kinachotafutwa, na maisha yake yatakuwaje kikipatikana. Awe na nafasi ya kukataa bila jina lake kuvuja. Mwanamke aliyeondolewa ghafla kwenye timu huwa ameshahukumiwa na mitandao kabla ndege haijaondoka. Majibu yahifadhiwe kama sheria ya data inavyotaka, yasizunguke kwenye simu za makocha. Atakayezuiwa asiachwe barabarani: matibabu kama anayahitaji, ada ya shule, kazi katika idara zetu za ulinzi ambazo kila mwaka huajiri wakimbiaji. Mwaka 2022 Serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na dawa haramu. Fedha za kuwashika wanaokosea zilipatikana. Zitafutwe pia za kuwashika mkono wasiokosa lolote. Na wajumbe wetu wanaoketi kwenye vikao vya Shirikisho la Dunia watumwe na msimamo wa nchi, ulioandikwa, tuweze kuwauliza walisema nini.

La shuleni ndilo la haraka kuliko yote, na ndilo rahisi. Mtoto chini ya miaka 18 asikaguliwe mwili wake na mtu yeyote kwenye mashindano ya shule, kwa lalamiko la yeyote. Kocha anayepiga kelele kuhusu jinsia ya mtoto wa watu aondolewe uwanjani siku hiyo hiyo, na mwamuzi anayempeleka mtoto chooni kukaguliwa ashtakiwe. Naomba waraka huo utoke kabla ya msimu ujao wa riadha za shule. Ukurasa mmoja unatosha, wenye sahihi yako na ya mwenzako wa Elimu, nami nitaubandika mwenyewe kwenye meza ya waamuzi.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa riadha,
Shule ya upili ya wasichana, Bonde la Ufa