Yule samaki wako wa mistari

Mambo vipi rafiki yangu,

Picha nimeiona, nimecheka sana maana imetingishika na nusu ya samaki kashaingia kwenye matumbawe, ila kilichobaki kinatosha. Unasema ni samaki kipepeo, mi nakataa. Ivute karibu uangalie shavuni, chini kwenye kifuniko cha matamvua, unaona kamwiba kamechomoza kuelekea nyuma? Kipepeo hana huo, huo ni wa samaki malaika. Wavuvi wengi wakiwaona wote wawili wanasema kitatange basi, ndo maana tunabishana.

Haya, malaika yupi sasa? Mistari ya huyu imelala, inatoka nyuma ya kichwa inakwenda mpaka karibu na mkia, njano bluu njano bluu, na mkia wenyewe njano tupu. Yule malaika mwingine, Pygoplites diacanthus, mistari yake imesimama kwa hiyo mtoe kabisa. Alafu machoni huyu wako ana kitambaa cheusi kama jambazi, kimetariziwa bluu kali pembeni. Ni Pomacanthus imperator, na akikomaa anafika hadi sentimita 40 hivi, sio kasamaki. Wala usione aibu, Bloch, mtaalam wa samaki aliyemwandika kwanza mwaka 1787, naye alimweka kwenye Chaetodon, yaani huko huko kwa vipepeo wako!

Sasa yule mdogo uliyesema ni wa bluu nzito kama wino, ana maduara meupe, ulimkuta chini ya jabali ukadhani ni jamii nyingine, huyo ni mtoto wake huyu huyu. Kweli nakwambia. Anakaa miaka miwili au zaidi ndo anabadilika kuwa na mistari, na zamani hata wataalam walimpa mtoto jina lake mwenyewe wakidhani ni samaki mwingine. Inadhaniwa rangi ile inamsaidia asifukuzwe na wakubwa maana wana wivu na eneo lao balaa. Ila hakikisha kaduara ka karibu na mkia kamefunga kabisa, kama ni mistari imepinda tu kama mwezi mchanga basi huyo ni mtoto wa malaika mwingine, Pomacanthus semicirculatus, na tutabishana upya.

Na ile ko! uliyosikia pangoni ukageuka mbio ukidhani mtungi wako wa hewa umegonga jiwe, ni huyo mkubwa wa mistari. Akishtuka anagonga hivyo, alikuwa anakufukuza.

Nasubiri picha ya mtoto, na safari hii shika kamera kwa mikono miwili.

Mimi wako